Firigisi ya Mzee Mbonea

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kusema, bali zamani ya juzijuzi, watu walipokuwa wameshaanza kukodi mahema yenye vitanda na masinki ili wakalale porini kwa raha, palikuwa na mjane aliyeitwa Bibi Naghenjwa.

Nyumbani kwake, kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa na mwenyewe. Aliila mumewe, Mzee Mbonea, na hakuna aliyethubutu kuiulizia. Mzee alipofariki, firigisi ikakosa mtu. Mwaka mzima ikawa inaliwa na paka. Wazee wa ukoo wakachoka, wakamwambia, "Shemeji, mpe mtu. Atakayeila ndiye tutakayemwita penye jambo. Na ukishampa, utuambie umempa kwa lipi." Hilo la mwisho likumbukeni, jamani, maana ndilo litakalotutesa.

Basi binti yake, Nakunda, akaona picha za kambi moja mlimani. Mahema meupe, maua, beseni la kuogea lililojaa povu. Akasema, "Mama, Jumamosi twende tukapumzike. Firigisi utaitoa hukohuko."

Wakaenda wanne: Bibi, Nakunda, mumewe Elisante, na Senkondo, kaka yake Nakunda. Wa tano alikuwa jogoo mzima, ndani ya kikapu. Nani anakwenda kambi ya kitalii na jogoo? Wao walikwenda, na walimshusha garini kwa heshima zote.

Lo! Hema lilikuwa limeota ukungu. Zipu haifungi. Bomba lipo, maji hakuna. Jiko la gesi lipo, gesi hakuna. Msimamizi wa kambi, bwana mpole mwenye shati lililonyooshwa vizuri, kila alipoulizwa alijibu, "Fundi yuko njiani."

Alasiri mvua ikashuka. Kamba kuu ya hema ikakatika, nguzo ya kati ikayumba. Senkondo akairukia, akaikumbatia.

"Fundi yuko njiani!" msimamizi akapaza sauti kutoka barazani kwake.

Upepo ukavuma, Senkondo akashika. Mvua ikazidi, akashika. Mikono ikamtetemeka, akashika. Bibi alikuwa kitandani chini ya turubai la hema hilohilo, na hakudondokewa na tone. Alimtazama mwanawe, akamwonea fahari mpaka machozi yakamlenga.

Mvua ilipoisha, njaa ikaingia. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Nakunda akapuliza, ukatoka moshi. Akapuliza tena, moshi. Akatazama kikapu cha jogoo, kitu pekee kikavu cha kuwashia moto, akakichanachana na kukitia chini ya kuni. Akainama akapuliza mpaka macho yakawa mekundu na vidole vikaungua. Moto ukawaka. Jogoo akachinjwa, sufuria ikatokota, na harufu ikawafanya wote wasahau kambi ilivyo. Bibi akacheka peke yake. Huyu binti!

Sasa, choo kilikuwa ng'ambo ya kijito, na njia ilikuwa daraja la mbao. Bibi akavumilia, akashindwa, akaenda. Katikati ya daraja ubao ukavunjika, mguu ukazama hadi pajani, na maji ya mlimani yalikuwa yanapanda. Akapiga yowe.

Senkondo akafika kwanza. Akavuta, lakini mikono yake ilikuwa imekufa kwa ile nguzo, hata kikombe asingeinua. Nakunda akavuta, ubao wa pili ukaanza kulia.

Elisante alikuwa amesimama ukingoni. Mjue kwamba kwao mkwe hamgusi mama mkwe. Tangu aoe, mtu huyu hakuwahi kumpa Bibi hata mkono. Alimwamkia kwa mbali, uso pembeni. Mwanamume atakayesikika amemshika mama mkwe, ukoo mzima utamcheka hadi kaburini.

Elisante akayatazama maji. Akavua viatu.

"Mama, nisamehe," akasema. Akaunyofoa ule mguu, akambeba Bibi mgongoni hadi kitandani. Bibi alihisi moyo wa mkwewe ukimdunda mgongoni. Kisha Elisante akaenda kukaa nyuma ya hema, peke yake.

Jioni wakaketi kula. Bibi akaichota firigisi kwa upawa.

Senkondo akasema, "Mama, mimi ni mwanao wa kiume. Nimeishika nyumba juu ya kichwa chako. Baba angefanya nini zaidi?"

Nakunda akasema, "Kaka, firigisi mbichi ungeila? Bila moto wangu tungelala na jogoo anawika. Au kwa kuwa mimi mwanamke?"

Elisante akatazama chini. "Mimi firigisi siitaki. Naomba kitu kimoja tu. Ya darajani yasifike nyumbani."

Bibi aliwapenda usiku ule kuliko siku zote, na ndiyo maana upawa ulibaki hewani.

Akimpa Senkondo, wazee watapiga makofi, lakini yeye mwenyewe atajua nani alimtoa majini. Akimpa Nakunda, atakuwa amempa mwanamke firigisi kwa mara ya kwanza katika ukoo, na pengine wakati umefika. Akimpa Elisante, wazee watauliza amempa kwa lipi. Akisema kweli, amemwaibisha mtu aliyemwokoa. Akidanganya, amedanganya juu ya firigisi ya Mzee Mbonea.

Mchuzi unadondoka kutoka kwenye upawa. Sahani tatu ziko mbele yake, na firigisi inapoa. Haya, nyie mnaonisikiliza, msitazamane. Je, nani alistahili? Na wazee wakiuliza, Bibi aseme amempa kwa lipi?