Bi Kindi na Kodi ya Vikapu Tisa

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa na nani?

—Na mdai!

Na nani tena?

—Na mdaiwa!

Mwenye haki nani?

—Simulia tumjue!

Haya, kaeni vizuri. Wewe Sharifa, acha kumfinya mwenzio, la sivyo naondoka na ngano yangu.

Alikuwepo Bi Kindi, mjane, mdogo wa mwili, mkubwa wa mdomo. Alikuwa na shamba la karanga, ghala moja, na watoto sita wasiojua kushiba. Na alikuwepo Bwana Ngiri, mtoza kodi wa Mfalme Tembo. Tumbo huku, meno kule! Kila msimu Mfalme alitaka vikapu vitatu kwa kila mkulima, ili kichimbwe kisima. Bi Kindi akalipa msimu wa kwanza. Akalipa wa pili. Akalipa wa tatu. Kisima? Hata tone la maji hakuna.

Asubuhi moja, ngo ngo ngo! Barua.

"Kwako Bi Kindi. Hujalipa kodi misimu mitatu. Lete vikapu tisa ndani ya siku tatu. Usipoleta, tunachukua ghala na vilivyomo. Ni mimi, Ngiri."

Bi Kindi akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Mkia ukamsimama kwa hasira. Ghalani mlikuwa na vikapu tisa tu. Akivitoa, watoto watakula nini masika?

"Nilipe mara mbili? Ng'o!"

Majirani wakamwambia, "Bi Kindi, lipa yaishe. Hiyo ni serikali."

"Ng'o!"

"Basi kimbia."

"Nilikimbie shamba langu? Ng'o!"

Akachukua kalamu, akajibu: "Bwana Mkubwa, barua yako nimeipata. Njoo mwenyewe tuhesabu pamoja. Chakula kipo."

Ngiri alipofika kwenye "chakula kipo", hakusoma tena. Tifu, tifu, tifu, huyo, mbio!

"Hodi!"

"Karibu, mgeni wangu! Shikamoo."

"Marahaba. Vikapu tisa."

"Vipo, Bwana Mkubwa. Lakini umenipa siku tatu, na hazijaisha. Kula kwanza."

Siku ya kwanza, karanga za kukaanga. Kacha, kacha, kacha! "Vikapu tisa," akasema Ngiri, akalala.

Siku ya pili, kashata. Kacha, kacha, kacha! "Vikapu tisa," akasema Ngiri, akalala.

Siku ya tatu Ngiri akaamka, akanawa mikono, akakaa mkekani kungoja. Bi Kindi akaja na jembe.

"Nini hiki?"

"Jembe, Bwana Mkubwa. Leo ni siku ya tatu."

Lo! Ngiri akatazama kushoto: majirani wamekodoa macho. Akatazama kulia: majirani wamekodoa macho. Mila mnaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayelikataa huimbwa kijiji kizima, na jina lake huwa Mdoezi mpaka kaburini.

"Na chakula cha mchana?" akauliza Ngiri.

"Kiko jikoni, kinaiva."

Basi akalishika jembe. Kwa! Kwa! Kwa!

Kumbe Ngiri alikuwa amemwambia Mfalme kwamba wakulima wote ni wakaidi, hakuna aliyewahi kulipa, na kwamba siku hiyo ndiyo angemletea vikapu vya kwanza, kutoka kwa Bi Kindi. Mfalme akangoja. Akangoja. Akachoka, akaja mwenyewe. Pu! Pu! Pu!

"Nani analima hapa?"

"Huyo mwenye jembe, Maulana," akasema Bi Kindi.

"Ngiri! Kumbe na wewe mkulima? Mbona kodi yako sijaiona? Kwa sheria yangu, mwenye jembe ndiye mlipaji."

"Mimi mgeni tu, Maulana!"

"Mgeni wa siku ngapi?"

Majirani wakadakia, "Ya tatuuu!"

"Siku ya tatu hakuna mgeni. Twende ghalani kwako ukalipe."

"Ghalani kwangu? Aa, Maulana, mbali, na jua hili..."

Wakaenda. Mlango ukafunguliwa, kwaa! Vikapu mpaka darini. Na kila nyumba ina msuko wake, hakuna asiyejua kazi ya mikono yake. "Kile changu, chenye ukingo mwekundu!" akalia Kanga. "Na vile vyangu!" akalia Kobe. Bi Kindi akavitafuta vyake: vitatu, vitatu, na vitatu. Akaenda kusimama mbele ya Ngiri, hamfiki hata gotini.

"Nilipe mara ngapi, Bwana Mkubwa? Nijibu!"

Ngiri akapiga magoti. "Nisamehe, Maulana!"

"Kwanza warudishie watu vikapu vyao," akasema Mfalme. "Kisha uchimbe kile kisima kwa meno yako, na usiinuke hapo magotini mpaka maji yatoke."

Ndiyo maana mpaka leo ukimkuta ngiri anachimbua ardhi, amepiga magoti. Maji hajayapata.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeshiba afute mdomo, mwenye njaa akalime. Na funzo, wanangu? Barua ya kodi ikija, msiulize neno. Lipeni. Lipeni mara mbili, hata mara tatu, na mtoza kodi akichoka mpeni mto alale. Hilo ndilo funzo, na atakayesema nimewafundisha jingine, mimi simjui.