Swichi Isiyo na Jina

Swichi isiyo na jina haikosi kazi. Mmewasikia mafundi wa kompyuta wa Mbeya wakisema hivyo, nanyi mnauliza ilikotoka. Haya, tulieni, methali hii ilizaliwa hivi.

Sekela alikuwa fundi wa programu, na usafi ulikuwa ugonjwa wake. Ungemwachia jiko lako, ungerudi ukute sufuria zimepangwa kwa ukubwa. Karakana alikofanya kazi ilitengeneza mfumo endeshi wa mashine za kupasha joto vitanda vya watoto njiti. Ndani ya kichakataji, yaani ubongo wa mashine, kuna rejista: safu ya swichi ndogo mno, kila moja imewashwa au imezimwa. Kitabu cha kiwanda kilichotengeneza kichakataji kilieleza baadhi tu. Nyingine kilizipita kimya, na chache kati ya hizo Sekela alizikuta zimewashwa.

"Hizi hazina kazi," alisema, akaandika programu izizime zote. Tusimcheke, nani hajatupa kitu akidhani ni takataka? Mezani, ikiwa kwenye umeme wa ukutani, mashine ilifanya kazi vizuri, wakaipeleka hospitali.

Siku umeme ulipokatika, betri ilishika, lakini mashine haikuamka. Kitandani alilala kichanga wa Tumpe, mdogo wake Sekela. Sekela alifika mbio, akamkuta Tumpe amemweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, nesi akiwafunika blanketi.

"Dada, mashine yako imezimika," Tumpe alisema, bila hasira. Hilo ndilo lililomuuma Sekela zaidi.

Ambilikile, mwenzake wa karakana aliyekuja naye, alimuuliza, "Umegusa nini?"

"Nilifagia tu zile zisizo na jina."

"Pole, dada. Lakini kiwanda kunyamaza si kusema hazina kazi. Isome rejista kwanza. Geuza unazozijua, nyingine zirudishe ulivyozikuta."

Sekela aliandika programu upya. Wakachomoa waya wa umeme makusudi. Mashine ikaamka kwa betri, kitanda kikaanza kupata joto. Ni swichi ipi iliyokuwa ikiiamsha, hawakujua, wala hawakuhitaji kujua.

Tumpe alisita, mtoto bado kifuani.

"Dada, sasa swichi zote unazijua?"

"Hapana, mdogo wangu. Ndiyo maana safari hii sikuzigusa."

Tumpe akamtazama, kisha akamlaza mwanawe kitandani.

Swichi isiyo na jina haikosi kazi.