Baiskeli Iliyofungwa Haiibiwi

WARAKA NAMBA 14 WA HALMASHAURI YA MJI WA MWANGAZANI, KUHUSU UEGESHAJI WA VYOMBO VYA MAGURUDUMU MAWILI VISIVYO NA INJINI, PAMOJA NA MAMBO MENGINE YANAYOFANANA NA HAYO.

Hicho ni kichwa cha habari tu, wanangu. Waraka wenyewe ulikuwa na vifungu ishirini na viwili, na waliowahi kuusoma hadi mwisho walikuwa wawili: karani aliyeuandika, na Bi Siwema Digidigi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanakaa mjini, kabla hawajachoshwa na makaratasi wakarudi porini, Mwangazani ulikuwa mji wa usingizi. Asubuhi watu wake walichemsha chai, wakafungua maduka, wakapiga foleni madirishani kama kawaida ya miji. Lakini jua likishavuka utosi, mji wote ulilala. Mijakaranda iliangusha maua yake ya zambarau, moja, kisha kitambo, kisha jingine, na usingizi ukapita mlango kwa mlango kama jirani asiyebisha hodi. Hata baiskeli zilizoegeshwa mbele ya ofisi ya Halmashauri ungedhani zimesinzia, usukani umeinama, maua yamejaa kwenye keria.

Bi Siwema hakulala mchana. Alikuwa mkunga, na watoto hawana saa. Mwili wake ulikuwa mdogo, angeweza kujificha nyuma ya birika, lakini hakuna mtoto Mwangazani ambaye hakupita mikononi mwake. Alikuwa na baiskeli nyekundu. Na alikuwa na desturi ya ukoo wake: kila kilicho chake alikigusisha pembe ya jicho, kikabaki na tone jeusi kama la lami. Kiti cha baiskeli kilikuwa na tone. Kengele ilikuwa na tone. Kila gurudumu lilikuwa na tone lake.

Waliomwona akiinamia baiskeli asubuhi walisema, "Masikini mkunga, analia tena." Yeye hakuwasahihisha.

Wiki hiyo alikuwa na hofu moja. Ng'ambo ya mto, Bi Mwanakombo Twiga alikuwa anangoja kujifungua siku yoyote, na twiga, kama mnavyojua, huzaa amesimama. Mtoto huanguka kutoka juu kama mzigo wa darini. Mkunga akiwahi, hutandika nyasi nene. Asipowahi, ndiyo hivyo tena. Mtoto wa kwanza wa Bi Mwanakombo, mkunga wa zamani alichelewa, mtoto akaangukia kichwa, na sasa ni karani wa Halmashauri. Ndiye aliyeandika Waraka Namba 14.

"Huyu wa pili nataka aje kuwa fundi, au mkulima, au hata mshairi," Bi Mwanakombo alimwambia. "Niahidi, mama mkunga."

"Nakuahidi. Kwa baiskeli ni mwendo wa kikombe kimoja cha chai."

Kwa miguu ulikuwa mwendo wa birika zima.

Jumatatu alifunga fremu kwenye nguzo kwa mnyororo na kufuli, akaenda kumtazama mzazi mmoja karibu na soko. Aliporudi, kengele haipo.

Mlinzi wa maegesho alikuwa Mzee Mabruki Kiboko, na kazi yake aliifanya akiwa ndani ya pipa la maji, pua tu ikionekana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Bluu, bluu, bluu, mapovu yakapanda.

"Kengele yangu imechukuliwa."

Kiboko alifungua jicho moja. "Baiskeli ipo?"

"Ipo."

"Mimi nimeajiriwa kulinda baiskeli, mwanangu. Kengele haimo kwenye mkataba. Nenda dirishani."

Dirishani alikaa Bwana Chande Fisi, Ofisa Msaidizi wa Magurudumu Mawili. Alikuwa mpana wa mabega, mwenye taya za kuvunja mfupa wa nyati, na tabasamu la mtu anayekungoja ukosee.

"Kufuli lako lilikuwepo?" akauliza.

"Lipo mpaka sasa, bwana mkubwa."

"Basi hujaibiwa. Kifungu cha tatu: baiskeli iliyofungwa haiibiwi. Anayefuata."

Na ili kumwita anayefuata, akapiga kengele iliyokuwa mezani mwake. Kriing.

Bi Siwema aliijua sauti ile kama mama ajuavyo kilio cha mwanawe. Akachungulia. Pembeni mwa kengele palikuwa na tone jeusi.

Akaiacha pale, akaenda zake. Mdogo akimwita mkubwa mwizi, anayepelekwa mahakamani ni mdogo.

Jumanne kilitoweka kiti. Alikuta bomba tupu limeelekea mbinguni kama linaomba dua, na ua moja la mjakaranda limetua juu yake. Jumatano likaondoka gurudumu la mbele. Baiskeli yake ilikuwa ikimtoka kama ndoto inavyomtoka mtu anayeamka: kwanza sauti, kisha mahali pa kukaa, kisha mwendo wenyewe.

Akarudi dirishani. Mbele yake walikuwa Nungunungu, anayedai pedeli zake, na Kobe, aliyekuwa na habari ya madigadi, lakini kwa mwendo wake alikuwa bado hajafika kwenye habari yenyewe.

"Leo ni gurudumu, bwana mkubwa," akasema Bi Siwema.

Fisi alifungua Waraka. "Kifungu cha saba. Chombo kilichopungukiwa kiungo chochote si baiskeli. Na haya ni maegesho ya baiskeli. Nakuomba, mama mkunga, uondoe hayo mabomba yako kabla sijakuandikia onyo."

"Nitaondoa. Na Bi Mwanakombo je? Siku zake zimetimia."

"Mwambie asubiri. Kila mtu hapa anasubiri."

Kupitia mlango wa nyuma uliokuwa wazi, Bi Siwema aliona stoo, na ndani ya stoo baiskeli nzima, nzuri, inameremeta. Fremu ilikuwa ya baiskeli ya zamani ya Halmashauri. Pedeli alizijua, madigadi aliyajua, na gurudumu la mbele lilikuwa na tone jeusi.

"Umepata baiskeli, bwana mkubwa. Hongera," akasema kwa upole.

"Ahsante." Fisi akavuta kola. "Imekamilika leo. Keshokutwa nitaiegesha hapo mbele, wote waione. Tatizo sina kufuli la maana." Akapunguza sauti, akasikitika kwa moyo wake wote. "Mji huu umejaa wezi, mama. Huwezi kuacha kitu."

"Kweli kabisa," akasema Bi Siwema. "Mtu aweza hata kuibiwa akiwa macho."

Akaenda nyumbani. Akapika uji, akausahau jikoni, akausoma Waraka Namba 14 kuanzia kichwa hadi kifungu cha ishirini na mbili. Kisha akafungua sanduku lake na kutoa kufuli la shaba la marehemu babu yake, kubwa kama andazi, ambalo ukilibana tu linajifunga lenyewe. Ufunguo wake akauvaa shingoni kwa uzi. Kwenye tundu la kufuli akachomeka ufunguo mwingine, wa kabati la vikombe. Uliingia vizuri. Kuzunguka ndiko ulikokataa.

Alhamisi, saa ya usingizi, alikokota mabomba yake hadi kwenye maegesho. Akatoa mnyororo mpya na lile kufuli. Alijua dirisha la ofisi liko wazi, na nyuma ya dirisha kuna jicho. Akaliinamia kufuli, akaligusisha pembe ya jicho, mabega yakatikisika.

"Ona," Fisi alinong'ona peke yake, "leo analilia hata kufuli."

Bi Siwema akapangusa uso, akageuka, akaondoka polepole kama mtu anayetembea ndani ya ndoto ya mwingine. Mnyororo akauacha chini. Kufuli akaliacha juu ya mnyororo, mdomo wazi, ufunguo tunduni.

Maua yalikuwa yakianguka. Mzee Mabruki alikuwa akikoroma majini. Nyapu, nyapu, nyapu, Bwana Chande akapita kwa ncha za vidole, akaokota mnyororo na kufuli.

Aliujaribu ule ufunguo? Wanangu, yule alikuwa ofisa. Alipokea ufunguo, akautia mfukoni, akahesabu jambo limekamilika.

Ijumaa asubuhi, mbele ya ofisi, baiskeli ya Bwana Chande ilisimama kwenye jua. Mnyororo ulipita gurudumu la nyuma, ukapita fremu, ukapita gurudumu la mbele, ukazunguka kiti, ukaishia nguzoni. Fisi alijua kufunga. Mwizi ndiye anayejua kipi huibwa. Akalibana kufuli la shaba. Kwacha!

Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo, ikaitazama baiskeli kwa macho ya kuwazia. Nungunungu aliangalia pedeli. Kobe alianza kugeuza shingo kuelekea kwenye madigadi.

Ndipo juu ya mapaa, mbali huko ng'ambo, kikatokea kichwa cha Bwana Twiga mwenyewe, kimeinuka kama mwezi wa mchana, kikaita:

"Mama mkunga! Mke wangu ameshikwa na uchungu!"

Bi Siwema akatoka ndani ya foleni. Akaenda moja kwa moja kwenye baiskeli ya Fisi, akashika usukani.

"Mzee Mabruki," akasema, "naomba unishuhudie. Nachukua baiskeli yangu."

Bwana Chande aliruka dirishani, karatasi zikaruka naye. "Yako? Mnamsikia huyu? Mlinzi, mshike."

Kiboko alitoka kwenye pipa, maji yakimtiririka, chubwi, chubwi. Alikuwa mkubwa kuliko wote na hakupenda kuamshwa. "Mmoja anasema yake, mwingine anasema yake. Waraka unasemaje?"

"Kifungu cha tatu!" akasema Fisi.

"Hicho nakijua. Hakisemi ni ya nani."

"Kifungu cha ishirini na mbili," akasema Bi Siwema. "Panapotokea ubishi, mwenye ufunguo unaofungua ndiye mwenye chombo."

Kiboko akamgeukia Fisi. "Kipo hicho?"

Bwana Chande alipekua Waraka hadi ukurasa ambao ulikuwa haujawahi kufunguliwa. Kilikuwepo. Akacheka, akatoa ufunguo mfukoni, akauinua ili foleni yote iuone.

"Basi tumemaliza. Ufunguo huu hapa."

"Fungua, bwana mkubwa," akasema Kiboko.

Kri. Fisi akatabasamu, akauzungusha tena. Kri, kri. Akaushika kwa mikono miwili. Akaushika kwa meno. Taya za kuvunja mfupa wa nyati ziliupinda ufunguo wa kabati la vikombe kama kijiti, na kufuli likatulia tu, shaba yake ikiwaka jua.

"Labda limepata kutu," akasema.

"Asubuhi hii hii?" akauliza Nungunungu, na foleni ikaanza kuguna.

Bi Siwema akavua uzi shingoni. Twap. Mnyororo ukaanguka.

"Lakini hiyo nimeiunda mimi!" akalia Fisi. "Kipande kwa kipande!"

Ua moja la mjakaranda likashuka kutoka juu, likachukua muda wake wote, likatua kwenye pua yake.

"Ahaa," akasema Nungunungu. "Kipande kwa kipande."

"Ndiyo maana," akaanza Kobe, "mimi nilikuwa nataka kusema, kuhusu yale madigadi—"

Bi Siwema hakungoja mwisho wa sentensi hiyo. Alipanda, pedeli za Nungunungu zikazunguka, akapita chini ya mijakaranda, na vumbi la zambarau likainuka nyuma yake kama pazia. Wasimulizi wengine husema gurudumu halikugusa daraja. Mimi naamini liligusa, lakini kidogo.

Jioni alirudisha kila kiungo kwa mwenyewe, na fremu kwa Halmashauri. Bwana Chande alihamishiwa Idara ya Mifereji. Na tangu siku ile wanyama wa Mwangazani waliingia sokoni wamekumbatia viti vyao vya baiskeli, na mnyororo waliupitisha magurudumu yote mawili, kama walivyofundishwa na mwizi.

Halmashauri ilikaa kikao, karani Twiga akaandika: "Katika wiki husika hakuna baiskeli iliyoibiwa, kwa kuwa zote zilikuwa zimefungwa."

Anayejilinda kwa kufuli la wizi, ufunguo uko kwa mwenzake.

Kilichotokea hasa ni hiki: Fisi aliiba vipande siku baada ya siku, Digidigi akavichukua vyote mara moja, na mtoto wa twiga akaangukia nyasi.