Ukili wa Vuai

Ukili hufumuliwa hadi penye kosa. Ndiyo maneno aliyowaambia mwalimu wenu leo, nanyi mmekuja mbio kuniuliza maana yake, kana kwamba mwalimu hana mdomo wa kuulizwa. Haya, kaeni.

Methali hii ilianza hivi. Kisiwani Pemba alikuwapo fundi wa milango akiitwa Vuai. Mkono wake ulikuwa na baraka, lakini tembo la mnazi lilimteka. Alikunywa hadi wateja wakamkimbia, na mkewe akarudi kwao na mtoto wao wa pekee, Raya. Miaka ikapita, Raya akakua, akachumbiwa. Siku moja akamwita baba yake.

"Baba, harusi yangu ni mwezi wa Mfungo Tatu," akasema. "Nataka uniozeshe wewe. Lakini ukiendelea kunywa, ami, ndugu yako, ndiye atakayeniozesha, nami sitakuita tena."

Vuai alirudi nyumbani akaliacha tembo siku hiyo hiyo. Nanyi msidhani kuacha ni kutamka tu. Mikono ilimtetemeka, jasho likamtoka, chakula kikawa hakina ladha, na alimkaripia kila aliyemsemesha. Baada ya wiki mbili mwili ulitulia. Kilichobaki kikimtesa ni alasiri, saa ambayo miguu yake ilizoea kwenda mgemani. Akamwendea shangazi yake, Bi Mize, aliyekuwa msusi wa mikeka.

"Shangazi, alasiri nashindwa nifanye nini na nafsi yangu."

Bi Mize akamtupia kitita cha miyaa ya mkindu iliyolowekwa. "Suka," akasema.

Kwa msioujua, ukili ni ule mkanda mrefu unaosukwa kwanza, kisha ukashonwa mzunguko kwa mzunguko mpaka ukawa mkeka. Kijijini kwao ilikuwa kazi ya wanawake, kwa hiyo wanaume walimcheka sana. "Vuai, na hina utapaka lini?" Alikuwa akiinamisha kichwa na kusuka. Kila alasiri alikuwa barazani kwa shangazi yake, na ukili ukarefuka. Usingizi ulimrudia. Akaanza tena kusikia njaa na kucheka mizaha ya watu.

Siku ya arobaini na moja alipata kazi ya mlango, ya kwanza baada ya miaka mitatu. Furaha ilimjaa. Alikuwa amejiandaa kupambana na huzuni, kumbe hatari ilikuwa kwenye furaha. Njiani akakutana na Kombo, mwenzake wa zamani wa kunywa.

"Kata moja tu ya tembo, ya kushukuru," Kombo akasema.

Kata moja ikazaa tano. Vuai alirudi barazani kabla ya Magharibi, akaushika ukili na kusuka kwa haraka, ili shangazi asijue. Alisuka hadi nuru ikamwishia.

Asubuhi aliutazama. Pale aliposuka jana miyaa ilikuwa imepishana ovyo na ukili umejikunja upande mmoja. Aibu ilimkaba. Akaanza kufumua. Alilifumua kosa, akalipita, akaendelea kufumua ule uliokuwa mzuri, machozi yakimtoka. Bi Mize alitoka ndani akalikuta rundo la miyaa miguuni mwake. Akamshika mkono.

"Unafanya nini, Vuai?"

"Naanza upya, shangazi. Jana nimekunywa."

"Najua. Harufu yako ilitangulia hodi yako. Mie nauliza ukili. Kosa liko wapi?"

Vuai akaonyesha rundo. "Humu."

"Basi ushalitoa. Sasa unafumua nini?"

"Siku zangu arobaini zimekwenda bure," Vuai akasema.

"Zimekwenda wapi? Umekula, umelala, watu wamekuamini wakakupa mlango. Nani kaja kuzichukua siku hizo? Hebu uvute ukili huo uliobaki."

Vuai akauvuta kwa nguvu zake zote. Haukuachia.

"Ukili hufumuliwa hadi penye kosa, mwanangu," Bi Mize akasema. "Ukiishia kabla ya kosa, mkeka utapinda. Ukilipita, hutashona mkeka maishani mwako."

Vuai alikaa na maneno hayo. Kulipita kosa alikwisha kukatazwa. Lakini alijua pia kwamba alikuwa na njia ya kuishia kabla: anyamaze, Raya asijue, harusi ipite. Akasimama, akaoga, akaenda kwa kina Raya. Alimkuta akichagua mchele.

"Jana nimekunywa," akamwambia.

Ungo ulitua chini. "Mbona umeniambia? Nisingejua."

"Ningejua mimi. Shangazi kanambia ukili hufumuliwa hadi penye kosa, na kosa lenyewe ni hili. Leo alasiri nitakuwa barazani nasuka. Kesho pia."

Raya alilia kwa hasira, akaingia ndani bila kumwambia karibu wala kwa heri. Vuai alirudi na moyo mzito, lakini alasiri ilipofika alikuwa barazani. Kombo alipita mara mbili akimwita. Mara zote mbili Vuai alikataa bila kuinua macho kutoka kwenye miyaa yake.

Mfungo Tatu ukafika. Vuai alijua ami yake Raya amealikwa, na hakuna aliyemhakikishia chochote. Alivaa kanzu, akaenda hadi mlango wa chumba cha bibi harusi, kama ilivyo desturi walii, yaani baba au ami anayeozesha, aombe idhini. Ndani, mwanamke mmoja akanong'ona kwa sauti iliyosikika hadi nje: "Si ndiye huyu aliyeonekana mgemani majuzi?"

Vuai alisikia. Hakuondoka pale. "Raya binti Vuai," akasema, "unaniidhinisha nikuozeshe?"

Bibi harusi akiulizwa hivyo hunyamaza, na ukimya wake ndiyo idhini. Raya hakunyamaza. Alijifunua ushungi mbele ya wote.

"Ndiye huyo aliyeonekana mgemani," akasema, "na aliniambia mwenyewe. Niozeshe, baba. Ukili hufumuliwa hadi penye kosa."