Babu Aliyebadilika Baada ya Taarifa ya Habari

Wapendwa, msifungue Biblia kwanza. Nina mzee mmoja nataka mkutane naye.

Mzee huyu alikuwa na binti, nesi, mtoto mtulivu, na binti akapata mchumba. Baba wa kijana alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha saruji, mtu wa kutajwa magazetini. Kila jioni baada ya taarifa ya habari redio ilisoma bei za soko la hisa, na mzee wetu aliongeza sauti. Hakuwa na hisa hata moja, maskini! Alitaka tu kujua mkwe wake ameshindaje.

Mshenga alipoleta posa, hisa za kiwanda zilikuwa zimepanda. Mzee alimpokea kwa mikono miwili.

"Mwambie mkurugenzi watu wa kwao tunawafahamu. Babu yake alikuwa katekista, mcha Mungu hasa. Maji hufuata mkondo. Njoo mwezi ujao tupange siku ya mahari."

Mnaona? Kijana mwenyewe hakumuulizia hata neno.

Mwezi haujaisha, kiwanda kikayumba. Hisa zikashuka leo, zikashuka na kesho yake, na magazeti yakaanza kuuliza mkurugenzi huyu katokea wapi. Mshenga akarudi kama walivyoagana, akamkuta mzee amenuna.

"Nimechunguza," mzee akasema. "Yule babu alivuliwa ukatekista kwa ulevi. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Posa yao siitaki."

Mkewe alikuwa anaingia na sinia ya chai. "Babu gani, baba watoto? Si ndiye yule mcha Mungu wa juzijuzi? Marehemu wa miaka yote hiyo kalewa lini?"

Mnacheka. Binti hakucheka. Alikuwa jikoni analia, na baba yake alimsikia vizuri sana, akaongeza sauti ya redio. Mimi jambo hilo linaniuma hata ninapolisimulia.

Basi, kiwanda kikapata kazi ya daraja kubwa, hisa zikapanda tena. Mzee akampigia mshenga simu mwenyewe. "Njoo, bwana. Yale yalikuwa maneno ya watu tu."

Mshenga akaja, akaamkia, lakini hakukaa.

"Mzee, posa ipo palepale. Binti wanamtaka. Ila mahari itapelekwa kwa mjomba wake, na siku ya harusi atakayemwingiza kanisani ni huyo mjomba."

Mzee akainuka. "Nani kanitoa mimi? Mkurugenzi?"

"Hapana, mzee wangu. Aliyeomba ni binti yako."

Ndugu zangu, tusimcheke peke yake. Diwani wetu akishinda uchaguzi, tunakumbuka tulivyochunga naye mbuzi. Akishindwa, tunakumbuka kwamba hata baba yake hajulikani. Mtu ni yuleyule, na ukoo ni uleule. Kilichogeuka ni bei yake, nasi tunajisifu kwamba tumechunguza. Mungu je? Anawajua babu zetu wote, waliosali na waliolewa, na sisi wenyewe anajua tulivyoshuka wiki hii tu. Mbona hajatuma mtu kutukataa?

Humu ndani kila mmoja wetu ana mtu aliyemkana siku alipoanguka. Unamjua wako. Usingoje apande ndipo umtafute. Nenda leo, angali chini.