Msumari wa Enzi na Mlango wa Nikeli

Hapo zamani, katika mji wa Shungimoyo, alikuwako sultani aliyeitwa Mwinyi Shangama, mwenye akili fupi na kauli ndefu. Mji huo ulikuwa na mila moja ya kipumbavu: kitu hakihesabiwi kuwa cha sultani mpaka yeye mwenyewe akipigilie msumari wa shaba, nao wakauita msumari wa enzi. Sanduku lilikuwa nao, kitanda kilikuwa nao, na kiti chake kilikuwa nao, ndiyo maana alikaa upande.

Basi sultani akataka mlango wa chuma usioshikwa na kutu, ingawa ngome yake ilipigwa na chumvi ya bahari mwaka mzima. Fundi Khatibu akaufua, akausugua hata usibaki na doa, kisha akauvisha nikeli, madini meupe yazuiayo maji na chumvi yasikifikie chuma. Akaonya kwamba nikeli ni ngao madhali ni nzima. Ikitobolewa, chuma huliwa kwa chini pale pale. Waziri Mjaka akamjibu kwamba mhunzi hafundishi wafalme, akatoboa tundu kwa keekee, sultani akapigilia msumari wake. Na watu wazima wenye vilemba wakashangilia, eti mtu kapiga msumari.

Haikupita masika moja mlango ukaanza kutoka michirizi myekundu. Sultani akaghadhibika, akatamka barazani: "Aliyeifungulia kutu njia, awaye yote, atakatwa mkono wa kulia." Waziri akamnyoshea Khatibu kidole, ikawa fundi amefungwa kamba, na mwenye shoka ameitwa.

Khatibu alikuwa na shemeji, ndugu wa mkewe, jina lake Feruzi, fukara mwenye kanzu moja, ambaye mji ulimwita mpumbavu kwa kuwa alifanya kila neno kama lilivyosemwa. Feruzi alipoona mkono uliowalisha wapwa zake unakwenda kukatwa, alijipenyeza hata mbele ya sultani. Akapiga magoti, akasema kwamba kutu yenyewe bado haijaulizwa nani kaifungulia.

Sultani akacheka kwa dharau. "Basi kaiulize. Isiponijibu kabla ya adhuhuri, itakatwa mikono miwili, wako na wa fundi."

"Nimesikia na nimetii, maulana."

Feruzi akaenda mlangoni, baraza zima nyuma yake likimcheka. Akaiamkia kutu kwa adabu, akatega sikio, kisha akachukua kipande cha mkaa, akaufuata mchirizi mmoja kutoka chini kwenda juu akiuliza, "Bibi, umetokea wapi?" Akafuata wa pili, na wa tatu, hata wa saba. Yote ikakutana mahali pamoja, chini ya msumari wa enzi. Pengine pote nikeli ilikuwa nyeupe kama siku ya kwanza. Kicheko kikakatika, na waziri akaona kilemba chake chahitaji kufungwa upya.

"Kutu imejibu, maulana," akasema Feruzi. "Yasema njia ilitobolewa kwa keekee ya waziri, ikakaribishwa kwa nyundo yako. Mwenye shoka ndiye huyu, na kauli yako ilisema awaye yote. Nani atangulie kunyosha mkono?"

Sultani akautazama mkono wake wa kulia, ambao kazi yake kubwa duniani ilikuwa kumenya embe, akauficha ndani ya joho. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kauli ile ameitangua.

"Kwa nani, maulana?"

"Kwangu. Na kwa waziri."

"Kutu haijui cheo, nayo ingali inasikiliza. Kauli ikitanguka, imetanguka kwa wote."

Sultani akamtazama mwenye shoka. "Kwa wote," akasema.

Basi Khatibu akafunguliwa kamba. Akaung'oa msumari, akaliziba tundu, akaisugua kutu hata chuma kikawa safi, akauvisha mlango nikeli upya, na safari hii waziri ndiye aliyemshikia ndoo. Ikawa mlango ule ndio kitu pekee cha sultani kisicho na msumari, na ndio pekee uliodumu. Nami hekaya yangu naiacha hapo. Mwenye kiti chenye msumari na akikalie.