Robo Robo Haipigi Simu

"Robo robo haipigi simu." Vijana walilisikia neno hilo kwa msimamizi wa ndiva, lile bwawa la kijiji linalokusanya maji ya kijito ili yakifunguliwa yafike mashambani kwa nguvu. Walikuwa wameitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya wanakijiji, wa kuliziba, na kila mmoja akajichagulia ufa wake. Hakuna ufa hata mmoja uliozibika. Jioni wakamkuta Bibi Namkunda uani akimenya tangawizi, wakamuuliza maana ya neno lile.

"Bibi, si tumefundishwa kuwa haba na haba hujaza kibaba?"

"Kibaba kimoja, wajukuu zangu, si vibaba arobaini. Kaeni. Methali hii ilianza hivi."

Masika moja mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Msindeni. Tope lilizoa nguzo za umeme, likakata barabara, likaangusha ukuta wa nyumba ya Nakiete juu ya mguu wa mumewe, Kiangi. Majirani walimtoa akiwa hai. Muuguzi wa zahanati aliufunga mguu kwa mbao, kisha akamvuta Nakiete pembeni. "Mama, uwezo wangu umeishia hapa. Asipopelekwa hospitali, tutampoteza."

Umeme wote uliosalia kijijini ulikuwa kwa Eliamini kinyozi, mwenye paneli ya sola na betri ya kuendeshea mashine yake ya kunyolea. Jua lenyewe lilichungulia mawinguni kama mgeni mwenye haya. Watu wote wakamletea simu zao, na Eliamini, ambaye hakujua kumwambia mtu hapana, akaamua kila mmoja apate robo ya chaji. "Asinung'unike mtu," alisema.

Nakiete alipata robo yake. Akapanda mwambani, mahali pekee mtandao uliposhika, akawapigia waokoaji mjini.

"Msindeni? Kumbe mpo!" sauti ilisema. "Subiri mama, tujipange, tutakupigia sasa hivi utuelekeze njia."

Simu ikaimba wimbo wake wa kwaheri, ikazimika.

Alirudi kwa kinyozi. Wenzake nao yalikuwa yamewapata yayo hayo. Simu ziliamka, zikahangaika kutafuta mtandao, zikalala. Naelijwa, bibi harusi wa mwaka ule, alikuwa akilia. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini. "Nimesema 'haloo', akauliza 'nani?', ikakata."

Nakiete aliketi kizingitini, akazitazama zile simu zilizojipanga mezani kama vifaranga, kila kimoja kikingoja punje yake.

"Hivi kijito chetu," aliuliza, "kila mtu akikichimbia mfereji wake, maji yatafika shamba la nani?"

"La nani tena?" akajibu Mzee Mchomvu. "Yatanywewa na ardhi njiani."

"Basi tangu jana tunanywesha ardhi. Tuzichomoe zote, tufunge ndiva moja."

Kila mkono ukakimbilia simu yake. "Ndiva ya nani?"

"Laini iwe yangu, maana ndiyo watakayoipigia. Lakini simu yangu inakula chaji kama mchwa. Mzee Mchomvu, tupe kitochi chako."

Watu wakacheka, maana kile kisimu kilikuwa kimefungwa kwa mpira kisije kikaachana vipande.

"Juzi mlikiita kipande cha sabuni," alisema mzee. "Leo kimekuwa bwana harusi?"

Naelijwa hakucheka. "Na mume wangu je, mama? Alale akijua nimekufa?"

Nakiete aliujua uchungu ule, maana naye mume wake alikuwa amelala zahanati akiungua kwa homa. "Mwanangu, wakipiga nitataja majina ya wote waliosalimika, wayasome redioni. Na sitamtaja Kiangi kabla sijakutaja wewe."

Naelijwa aliitazama simu yake, akaichomoa kwa mkono wake mwenyewe. Wengine wakamfuata.

Kitochi kilijaa taratibu. Wakatia laini ya Nakiete, wakakipeleka mwambani, wakapokezana kukishikia mwavuli. Asubuhi iliyofuata kikalia.

Mzee Mchomvu alieleza njia ya kupitia mashamba ya tangawizi. Kisha Nakiete akapewa simu. Jina la Kiangi lilikuwa limemjaa kinywani. Akalimeza.

"Andika," alisema. "Naelijwa, mzima. Eliamini kinyozi, mzima. Mzee Mchomvu, mzima, na maneno yake yote." Akaendelea hivyo, jina kwa jina, watu wakimzunguka kimya, kila mmoja akipumua asikiapo lake. Mwishoni ndipo akalitoa lile alilolimeza. "Na Kiangi, mume wangu. Huyu ni mzima nusu. Njooni na machela."

Waokoaji walipotea njia wakiwa mlimani, wakapiga tena, na tena, nacho kitochi kikaitika kila mara. Walifika jua likiwa bado juu.

Kiangi alirudi kutoka hospitali akichechemea, akimtania mkewe maisha yake yote: "Mke gani wewe, wa kunitaja wa mwisho?"

"Wa mwisho ndiye aliyebaki mdomoni," Nakiete alimjibu.

Na yule dereva wa lori alilisikia jina la mkewe redioni. Aliegesha gari kando ya barabara, akalia, akiwa ameukumbatia usukani.

Bibi Namkunda alikung'uta maganda ya tangawizi mapajani. Vijana walitazamana.

"Kesho tuanze na ufa ulio mkubwa kuliko zote," mmoja alisema.

"Sote?"

"Sote. Robo robo haipigi simu."